Momenti ya Kani: Somo la Fizikia Kando ya Barabara ya Babati

Mji wa Babati, ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2002, ni mji wa njia panda. Barabara zitokazo Arusha, Dodoma na Singida hukutana hapo. Ile ya Dodoma, yenye urefu wa kilomita 251, ilizinduliwa rasmi mwaka 2018 baada ya kuwekwa lami, nayo ni sehemu ya njia kuu inayokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Kwa hiyo malori hupita kwa wingi, na palipo na malori mengi haikosi kazi ya kubadili magurudumu.

Siku moja nilikuwa nimesimama Nangara, mojawapo ya kata za mji huo, nikingoja usafiri. Mbele yangu lori lililosheheni magunia ya mbaazi lilikuwa limepata pancha. Utingo aliweka spana kwenye nati ya kwanza, akavuta kwa mikono miwili, nati isijongee. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akipita na sare yake ya shule akaja kumsaidia. Kwa kuwa ncha ya spana ilikwisha kushikwa na utingo, yeye akashika karibu kabisa na nati. Wakavuta pamoja mpaka mishipa ikawatoka shingoni, na nati ikabaki pale pale. Ndipo dereva, mtu wa makamo, akatoa kipande cha bomba la chuma chini ya kiti chake, akakichomeka kwenye mkono wa spana, akamwagiza utingo akanyage mwisho wa bomba. Nati ikalia, ikaachia.

Nilimwita yule kijana, naye akaniamkia. Nilimwuliza yuko kidato cha ngapi, akasema cha tatu. “Je, mmekwisha kusoma habari za momenti?” Akajibu bila kusita: “Ndiyo, mzee. Momenti ni kani mara umbali.”

Jibu hilo lingempatia alama katika mtihani, lakini dakika chache kabla yake mikono yake ilikuwa imeshika spana mahali pasipofaa. Sikumcheka. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari ng’ambo, mimi mwenyewe nilikuwa nikijaza kurasa kwa milinganyo ya mwendo wa mzunguko, na bado nilishindwa kufungua nati ya baiskeli yangu mpaka fundi wa karakana aliponipa spana ndefu zaidi. Makala haya yanakusudia kuiunganisha kanuni iliyo daftarini na mikono iliyoshika spana, kwa maana kanuni hiyo, kama tutakavyoona, inahusu usalama wa maisha ya watu.

Kani peke yake haitoshi

Katika fizikia, kani ni msukumo au mvuto wowote uwezao kubadili mwendo wa kitu. Hupimwa kwa njutoni. Kitu chenye tungamo la kilo moja huvutwa na dunia kwa kani ya njutoni 9.8, kwa hiyo mtu wa kilo 70 ana uzito wa njutoni 686 hivi.

Kitu kilichoshikwa kwenye mhimili, kama mlango kwenye bawaba zake au nati kwenye bolti yake, hakiwezi kwenda mbele wala nyuma; kinaweza kuzunguka tu. Ili kukizungusha, hatuna budi kuuliza maswali matatu: Kani ni kubwa kiasi gani? Imewekwa umbali gani kutoka kwenye mhimili? Inaelekea upande gani? Majibu ya maswali hayo matatu kwa pamoja ndiyo yanayotupa momenti ya kani, yaani uwezo wa kani kuzungusha kitu. Kanuni yake ni hii:

Momenti = kani × umbali wa pembe mraba kutoka kwenye mhimili hadi kwenye mstari wa kani.

Kani ikiwa katika njutoni na umbali katika mita, momenti huwa katika njutonimita.

Msomaji anaweza kulithibitisha jambo hili sasa hivi. Usukume mlango kwa kidole kimoja karibu na kitasa. Utafunguka kwa urahisi. Kisha usukume kwa kidole hicho hicho sentimita tano kutoka kwenye bawaba. Mlango hauna uzito mpya wala bawaba hazijaota kutu kwa ghafla, ila umbali umepungua, na momenti imepungua nao.

Hesabu ya dereva

Sasa turudi Nangara. Nati za magurudumu ya malori makubwa hukazwa kwa momenti ya njutonimita 600 hadi 700 hivi, ilhali zile za gari dogo hukazwa kwa njutonimita 100 hivi tu. Tuchukulie kwamba spana ilikuwa na mkono wa sentimita 30, na utingo alikuwa na tungamo la kilo 70. Hata angeuweka uzito wake wote kwenye ncha ya spana, angepata:

686 × 0.3 = njutonimita 206 hivi.

Hicho ni kama theluthi moja tu ya momenti inayotakiwa. Na mwanafunzi wetu je? Alishika sentimita 10 kutoka kwenye nati. Hata kama angevuta kwa kani ya njutoni 400, mchango wake ungekuwa 400 × 0.1, yaani njutonimita 40 tu. Jasho lake lilikuwa jingi, lakini momenti yake ilikuwa ndogo.

Dereva alipoongeza bomba, urefu ukafika mita moja. Uzito ule ule wa utingo sasa ulitoa:

686 × 1 = njutonimita 686.

Nati ikaachia. Hapakuongezwa hata njutoni moja, ila palibadilishwa mahali pa kuiweka kani. Archimedes, Mgiriki aliyeishi katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliieleza kanuni hii kwa hoja za hesabu alipochunguza wenzo, nayo haijabadilika tangu hapo.

Upande wa kani na pembe yake

Swali la tatu lilihusu upande. Nati nyingi hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume cha mishale ya saa. Ukisimama ukiitazama nati, na bomba likaelekea mkono wako wa kushoto, uzito wa mtu anayekanyaga ncha yake utaizungusha nati kinyume cha saa. Bomba likielekea kulia, uzito ule ule utaikaza. Ndiyo maana wanafizikia huzipa momenti alama za kujumlisha na za kutoa: kani iliyo sawa kwa kiasi yaweza kutenda kazi mbili zilizo kinyume kabisa.

Pembe pia ina uzito wake katika hesabu hii. Bomba likiwa limelala sawa na ardhi, uzito wa mtu huelekea chini na kukutana na bomba kwa pembe mraba. Hapo momenti huwa kubwa kuliko zote. Bomba likiisha kuinama digrii 60 chini ya mlalo, umbali wa pembe mraba kutoka kwenye nati hadi kwenye mstari wa uzito hubaki nusu mita tu, na momenti hushuka kutoka njutonimita 686 hadi 343. Bomba likisimama wima kabisa, mstari wa uzito hupita kwenye nati yenyewe, umbali huwa sifuri, na hata tembo akiliegemea hataizungusha nati kwa uzito wake. Utingo mzoefu hulijua hili kwa mwili: kila bomba linapoinama, yeye huichomoa spana na kuirudisha katika mlalo.

Hakuna kazi ya bure

Huenda mwanafunzi akauliza: ikiwa bomba limekuza momenti zaidi ya mara tatu, je, tumepata kitu bure? La, hasha. Tuseme nati fulani yataka njutonimita 206 ili igeuke robo ya mzunguko. Kwa mkono wa sentimita 30 tunahitaji kani ya njutoni 686, na ncha ya spana husafiri sentimita 47 hivi katika robo ya duara. Kwa mkono wa mita moja tunahitaji njutoni 206 tu, lakini ncha husafiri sentimita 157. Tukizidisha kani kwa umbali uliosafiriwa, tunapata takribani juli 323 katika hali zote mbili. Wenzo hutupunguzia kani, na badala yake hututoza mwendo mrefu zaidi.

Hapa mwanafunzi ajihadhari na jambo moja. Momenti na kazi zote mbili hutokana na kuzidisha njutoni kwa mita, lakini si kitu kimoja. Katika kazi, umbali unafuata upande wa kani. Katika momenti, umbali unakingama na kani. Ndiyo sababu kazi hupimwa kwa juli, na momenti huachwa katika njutonimita.

Hatari ya kukaza mno

Mpaka hapa bomba limeonekana kuwa rafiki. Lakini wakati wa kufunga gurudumu, bomba hilo hilo laweza kuwa adui. Bolti ya gurudumu ni kama springi ngumu mno. Nati inapokazwa, bolti hunyooka kidogo sana, nayo katika kutaka kujirudi hulibana gurudumu kwenye habu yake. Kinachoshikilia gurudumu hasa ni mbano huo, pamoja na msuguano unaotokana nao.

Sehemu kubwa ya momenti tunayoitia kwenye nati, takribani tisa ya kumi, humezwa na msuguano kwenye hesi na chini ya nati. Ni sehemu moja tu ya kumi hivi inayoinyoosha bolti. Kwa hiyo hesi zenye kutu na mchanga hudanganya: mkono huhisi nati imekaza, kumbe bolti haijanyooka ipasavyo. Hesi zilizotiwa mafuta pasipo maelekezo ya mtengenezaji hudanganya kwa upande wa pili: msuguano hupungua, na momenti ile ile huivuta bolti kupita kiasi.

Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye bomba la mita moja na nusu hutoa njutonimita 1,029, na akirukaruka juu yake hutoa zaidi ya hizo. Bolti iliyovutwa kupita kikomo chake cha kujirudi haijirudi tena. Hubaki imerefuka, na mbano wake hupungua. Gurudumu huanza kucheza, nati hulegea moja baada ya nyingine, bolti zilizobaki huchoka na kukatika, na mwishowe gurudumu huchomoka njiani. Gurudumu la lori linalobingirika peke yake kwa kasi ya gari halichagui wa kumgonga.

Kwa sababu hiyo karakana zilizo makini hutumia spana yenye kipimo cha momenti, hukaza nati kwa kupokezana zile zinazotazamana, na humtaka dereva azikague nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Aliyefunga gurudumu Babati na kuelekea Arusha yampasa kusimama njiani na kuzikagua, asingoje mpaka mwisho wa safari.

Tungamo liko wapi?

Tumesema kwamba momenti huzungusha. Lakini vitu havikubali kuzunguka kwa urahisi ulio sawa. Katika mwendo wa kunyooka, ukaidi wa kitu kubadili mwendo wake huitwa inesha, nao hutegemea tungamo tu. Katika mwendo wa mzunguko, ukaidi huo hutegemea tungamo na pia mahali lilipo tungamo hilo.

Tuchukue fimbo nyepesi ya mita moja, tuishike katikati. Tufunge madonge mawili ya udongo, kila moja nusu kilo, sentimita 10 kutoka katikati, moja kila upande. Tukiizungusha fimbo huku na huku kwa kifundo cha mkono, itatii. Kisha tuyasogeze madonge hadi kwenye ncha, sentimita 50 kutoka katikati. Uzito haukuongezeka hata gramu moja, lakini fimbo sasa inakataa kugeuka.

Sababu ni hii. Donge lililo mbali mara tano hulazimika kwenda kwa kasi mara tano ili fimbo izunguke kwa kasi ile ile ya mzunguko. Nishati ya mwendo hufuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Tano mara tano ni ishirini na tano. Basi inesha ya mzunguko ya kila chembe ni tungamo lake likizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye mhimili, na kwa umbali huo tena. Katika hali ya kwanza madonge yetu mawili yana 0.01, na katika hali ya pili 0.25, kwa kipimo cha kilo-mita za mraba.

Kutokana na hayo tunapata kanuni inayofanana na ile ya Newton:

Momenti = inesha ya mzunguko × mchapuko wa mzunguko.

Gurudumu zito la mashine ya kusaga

Kanuni hii inaonekana wazi katika mashine za kusaga nafaka zinazoendeshwa kwa injini ya dizeli yenye silinda moja. Injini ya namna hiyo hufanya kazi kwa hatua nne: kuvuta hewa, kuigandamiza, kuunguza mafuta, na kutoa moshi. Ni hatua moja tu inayosukuma, tena mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa nini basi injini haisimami katika hatua nyingine tatu? Ni kwa sababu ina gurudumu zito la chuma, ambalo mafundi huliita flaiwili, na tungamo lake limewekwa zaidi kwenye ukingo. Gurudumu hilo huweka akiba ya nishati wakati wa msukumo, na kuitoa wakati wa hatua zisizosukuma.

Tuchukulie flaiwili yenye ukingo wa kilo 60, ulio sentimita 30 kutoka kwenye mhimili. Inesha yake ya mzunguko ni 60 × 0.3 × 0.3, yaani 5.4. Fundi anayepiga hendeli ya sentimita 30 kwa kani ya njutoni 100 hutoa momenti ya njutonimita 30. Valvu ikiwa wazi ili hewa isigandamizwe, na tukiacha msuguano kando, mchapuko ni 30 ÷ 5.4, yaani radiani 5.6 hivi kwa sekunde katika kila sekunde. Baada ya sekunde 3 gurudumu litakuwa likizunguka mara 160 hivi kwa dakika. Ndipo fundi hufunga valvu, na akiba ya gurudumu hutosha kuigandamiza hewa kwa mara ya kwanza.

Injini ikifikia mizunguko 650 kwa dakika, yaani radiani 68 hivi kwa sekunde, nishati iliyomo katika gurudumu ni:

½ × 5.4 × 68 × 68 = juli 12,500 hivi.

Nishati hiyo yaweza kuinua gunia la kilo 50 hadi kimo cha mita 25. Msomaji na aikumbuke hesabu hii kila anapoingia katika nyumba ya mashine. Fundi akizima injini, mafuta hukoma mara moja, lakini juli hizo bado zimo ndani ya chuma, na mkanda unaendelea kukimbia. Kanga au shati pana likinaswa wakati huo, hakuna mkono wa mwanadamu utakaoweza kulizuia gurudumu. Mkanda uwekewe kizuizi, na watoto wasikae karibu nao mpaka gurudumu lisimame kabisa.

Neno kwa walimu

Shule nyingi hazina vifaa vya kutosha vya maabara, lakini somo hili halidai vifaa vya gharama. Mlango upo katika kila darasa. Fimbo iliyofungwa uzi katikati huwa mizani: pakiti ya sukari ya kilo moja iliyo sentimita 10 kutoka kwenye uzi husawazishwa na pakiti ya nusu kilo iliyo sentimita 20 upande wa pili. Muhimu ni kwamba wanafunzi watabiri kwanza kitakachotokea, waandike utabiri wao, ndipo wajaribu. Utabiri uliokosewa na kusahihishwa kwa mikono hukaa akilini muda mrefu kuliko kanuni iliyokaririwa.

Kabla lori halijaondoka Nangara, utingo alifika kwenye nati ya mwisho. Yule mwanafunzi akamwomba amwachie. Akalichomeka bomba, akalilaza kushoto sawa na ardhi, akashika kwenye ncha kabisa, akaegemea. Nati ikaachia.

Maswali ya kujipima

1. Nati yahitaji njutonimita 600. Mtu wa kilo 60 aweka uzito wake wote kwenye ncha ya bomba lililo mlalo. Bomba liwe na urefu gani kwa uchache?

2. Ubao wa mita 4 umeegemezwa katikati. Mtoto wa kilo 30 ameketi kwenye ncha moja. Mtu mzima wa kilo 75 aketi umbali gani kutoka katikati ili ubao usawazike?

3. Vitu viwili vya mviringo vyenye tungamo na kipenyo sawa, kimoja kisahani kisicho na tundu na kingine ringi tupu, vinaachiwa pamoja vibingirike kwenye mteremko. Kipi kitatangulia kufika chini? Eleza sababu bila kutumia kanuni ya hesabu.

Majibu: (1) Mita 1.02 hivi. (2) Sentimita 80. (3) Kisahani kitatangulia, kwa kuwa tungamo la ringi lote liko mbali na mhimili, na hivyo sehemu kubwa zaidi ya nishati yake hutumika katika kuizungusha.